Kodi ya Miezi Sita, Bumu la Siku 60

Dalali alitukuta kituoni Msewe saa mbili na nusu asubuhi, simu mbili mkononi. Kabla hajasema chumba kiko wapi, alitaka shilingi 10,000 za kuoneshwa. Mpwa wangu alinitazama. Alikuwa na siku nne tu jijini tangu ashuke basi la Newala na begi moja, ndoo yenye mfuniko, na barua ya kudahiliwa chuo kikuu aliyoitia kwenye mfuko wa nailoni isije ikalowa. Nikatoa elfu kumi.

Chumba cha kwanza kilikuwa uani, kimoja kati ya sita vilivyofuatana kama mabehewa, choo kimoja mwisho wa mstari na bomba moja la wote. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Laki moja kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja juu yake wa dalali. Cha pili kilikuwa Changanyikeni, masta, choo ndani, laki na nusu. Cha tatu kilichukuliwa tukiwa bado njiani kwenda kukiona, na hela ya kuoneshwa haikurudi. Hadi magharibi tulikuwa tumezunguka Msewe, Makongo na Sinza, na kila mtaa una madalali wake, na kila dalali ana elfu kumi yake.

Nilidhani naujua upangaji wa Dar es Salaam. Kumbe niliujua wa mtu mwenye mshahara.

Mpwa wangu alikuwa ameomba kitanda chuoni, kama wenzake wote. Aliingia kwenye mfumo wa chuo kwa simu, akajaza, akasubiri namba ya malipo. Waliopata kitanda ni wale waliotumiwa namba hiyo na kuwahi kulipa. Yeye alidahiliwa awamu ya pili, na anayeingia awamu ya pili hukuta mengi yameshagawanywa. Aliponionesha simu yake, ujumbe ulikuwa mfupi: nafasi zimejaa. Chuo hakikumwambia aende wapi. Kilimwambia tarehe ya kuripoti.

Jambo moja limenikaa kooni tangu siku ile. Binti huyu ni mtoto wa elimu bila ada. Alianza sekondari ada zikiwa zimeshaondolewa hadi kidato cha nne, kama ilivyoamuliwa kuanzia Januari 2016, na alipofika kidato cha tano uamuzi wa mwaka 2022 ulikuwa umefuta ada hadi cha sita. Alisoma kidato cha tano na cha sita shule ya bweni ya Serikali, mbali na kwao, na huko alikuwa na kitanda. Kitanda cha chuma cha kupandiana, godoro jembamba, lakini chake. Serikali ilijua kwamba mtoto wa Newala aliyepangiwa shule mkoa mwingine hawezi kusoma bila pa kulala. Amefaulu, amepandishwa daraja, na kitanda kimebaki nyuma. Ufahamu ule ule uliokuwepo kidato cha sita unapotelea wapi katika miezi michache kabla ya chuo?

Ugomvi mwingi kuhusu malazi ya wanafunzi huishia kwenye bei. Bei ni kubwa, sikatai. Lakini baada ya kuhangaika na mpwa wangu kwa wiki kadhaa nimeona kuwa kinachomuumiza mwanafunzi zaidi ni kalenda. Fedha za kila upande zipo, au zitakuja. Ila hakuna zinazokutana siku moja.

Tuhesabu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humpa mnufaika fedha za chakula na malazi, ambazo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 za awali. Wanafunzi huziita bumu. Haziji kila siku wala kila mwezi. Huja kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Sasa kirudie chumba cha Msewe chenye dirisha la kutazama ukuta. Laki moja mara sita ni 600,000. Bumu zima la kwanza, hadi shilingi ya mwisho, linatosha kodi, na bado dalali anadai laki yake. Hujala. Hujanunua godoro. Hujapanda daladala.

Na hapo nimechukulia kuwa bumu liko mkononi. Bumu la mwaka wa kwanza halitoki mpaka jina lionekane kwenye orodha ya waliopangiwa mkopo, nazo orodha hutoka kwa awamu. Kisha mwanafunzi asajiliwe chuoni, kisha asaini. Mwenye nyumba hana awamu. Anataka fedha siku unapokabidhiwa ufunguo, na ufunguo unautaka kabla hujasajiliwa, kwa sababu unapokuja kusajiliwa lazima uwe umelala mahali.

Upande wa nyumbani nao una kalenda yake. Dada yangu ni mkulima wa korosho. Minada ya korosho kusini huanza Oktoba, na mkulima hulipwa baada ya mzigo wake kupimwa chama cha msingi, kwenda ghala kuu, kuuzwa mnadani na mnunuzi kuleta fedha. Mwanawe alitakiwa kuripoti chuoni wakati korosho zenyewe zilikuwa bado ghalani. Dada yangu hakuwa maskini wiki ile. Alikuwa na risiti ya magunia mfukoni. Lakini ukimpelekea mwenye nyumba wa Changanyikeni risiti ya korosho, ataifanyia nini?

Msomaji atauliza, mjomba mtu yuko mjini, kwa nini binti asikae kwake? Alikaa. Nyumba yangu iko Chanika. Aliondoka nyumbani saa kumi usiku ili awahi kipindi cha saa moja asubuhi, na vipindi vya jioni vilipomalizika saa mbili alirudi kwa magari mawili, mara nyingine matatu, akafika tumeshalala. Mke wangu alikuwa anamfunikia chakula. Wiki ya pili niliamka usiku nikamkuta amelala mezani, kitabu mbele yake, viatu bado mguuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe asingelipata, maana hakuwa nyumbani mchana hata siku moja. Jumapili ile akaniambia kwa adabu, huku ameinamisha macho, "Mjomba, msinielewe vibaya. Nikiendelea hivi nitafeli."

Kuna wengine wana shangazi Mbagala, kaka Gongo la Mboto, mama mdogo Kibaha. Ndugu wapo. Umbali ndio hauna undugu.

Akaenda kubebwa.

Neno hili halihitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyepita Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini wazazi wengi hawalijui, na nadhani wanapaswa kulijua. Kubebana ni mwanafunzi mwenye kitanda cha chuo kumpokea asiye nacho, wakalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Mara nyingi hulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, kwa sababu futi mbili na nusu haziyatoshi mabega manne. Chumba cha wanne kinakuwa na sita au wanane. Kanuni za mabweni zinakataza jambo hilo, na misako ya usiku hufanyika. Anayebebwa huchomoka alfajiri na mswaki wake, hufua nguo kwa zamu za kuibia, huficha begi lake uvunguni mwa mwenzake, na hapokei mgeni kwa sababu yeye mwenyewe ni mgeni wa siri. Akiugua, hawezi kujieleza anaumwa akiwa wapi.

Mpwa wangu alibebwa na binti wa Masasi waliyesoma naye kidato cha sita. Hawakuwa ndugu. Hawakuulizana malipo. Nilipokwenda kumpelekea unga na dagaa alinipokea nje, getini, kwa sababu asingeweza kuandika jina la chumba kwenye daftari la wageni. Tulizungumza tumesimama chini ya mwembe. Nilimuuliza analalaje. Akacheka, akasema, "Tunageuka kwa makubaliano."

Kubebana hulaumiwa na wasimamizi wa mabweni, na wana hoja: vyoo vilivyojengwa kwa watu 100 vikitumiwa na 200 vinaziba, nyaya zinaelemewa na pasi na majiko ya umeme, na moto ukizuka hakuna ajuaye walio ndani ni wangapi. Hayo yote ni kweli, na la moto linanitisha kweli kweli. Lakini nisemeje kuhusu binti yule wa Masasi? Amefanya kwa nusu ya godoro lake kitu ambacho taasisi zote zinazohusika na elimu ya mpwa wangu hazikukifanya.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji, mahali palipokuwa porini wakati huo. Ukijenga chuo porini hujiulizi kama wanafunzi watahitaji mabweni. Yalijengwa pamoja na madarasa, na yale majengo marefu ya Mlimani yanayoonekana kutoka mbali ni alama ya fikra hiyo: mwanafunzi ni mtu wa kusoma, kula na kulala mahali pamoja. Waliosoma miaka hiyo, ambao leo ni wastaafu, watakusimulia bwalo lililowalisha bila wao kutoa senti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Baadaye mikopo ikawekewa sheria mwaka 2004 na Bodi ikaanza kazi 2005. Wakati huo huo, kuanzia 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulizaa shule za kata karibu kila mahali. Hilo ni jambo jema, tena kubwa. Pengine bila shule ya kata mpwa wangu angekuwa ameolewa Newala na miaka 17. Watoto wa shule hizo walipanda ngazi, na vyuo vikapanua madarasa kuwapokea. Darasa hupanuka kirahisi kuliko bweni. Ukumbi wa watu 300 unaweza kutumiwa na makundi manne kwa siku moja, asubuhi hadi usiku. Kitanda hakina zamu. Wote hulala usiku.

Mlimani walijitahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Hosteli ya Mabibo ilichukua maelfu ya wanafunzi, kilomita chache kutoka chuoni. Kisha Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua mabweni ambayo leo yanaitwa kwa jina lake: majengo 20, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa shilingi bilioni 10, ya kulaza wanafunzi 3,840. Ukigawanya, kitanda kimoja kiligharimu shilingi milioni 2.6 hivi. Desemba ya mwaka huo picha za nyufa zilienea mitandaoni, Wakala ukaeleza kuwa ni nafasi zilizoachwa kwa makusudi kati ya majengo ili kuta zitanuke bila kupasuka. Mabishano yale yalichukua nafasi kubwa kuliko ile hesabu, na mimi naona hesabu ndiyo iliyostahili kujadiliwa. Milioni 2.6 kwa kitanda kitakacholaliwa na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi. Kwa kodi ya laki moja kwa mwezi ya Msewe, mwanafunzi mmoja anayesoma miaka mitatu huwalipa wenye nyumba zaidi ya hizo.

Dodoma ilianza upya kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa 2007 kuzunguka ukumbi wa Chimwaga, lengo lilikuwa wanafunzi 40,000, na mabweni yalipangwa kama sehemu ya chuo, si nyongeza ya baadaye. Ilikuwa ile ile hekima ya Mlimani ya 1964: uwanda mtupu, hakuna mtaa wa kuwasukumia watoto wa watu. Naona tumekuwa tukijenga mabweni pale tu ambapo hatukuwa na wenye nyumba wa kutusaidia kusahau.

Na Ubungo wako wengi wa kutusaidia kusahau. Mlimani haiko peke yake. Chuo Kikuu Ardhi kipo jirani kabisa, Chuo cha Maji kipo barabarani, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, na wanafunzi wa vyuo hivi vyote wanatafuta vyumba katika mitaa ile ile, mwezi ule ule. Ongeza wafanyakazi vijana waliovutwa na mwendokasi wa Barabara ya Morogoro tangu ulipoanza 2016. Mwenye chumba Msewe hahitaji kutangaza. Oktoba inamtangazia.

Nilikaa na mmoja wao, mama wa miaka kama 60, mjane, vyumba vyake vinane. Nilitaka kumkuta ni mkatili. Ingenirahisishia makala hii. Alinikaribisha chai. Alieleza kuwa vyumba ndiyo pensheni yake, hana nyingine. Amechimba kisima kwa mkopo wa kikundi kwa sababu maji ya bomba hayaaminiki, na kikundi kinataka marejesho kila wiki. Mwanafunzi akilipa mwezi mmoja mmoja, mwezi wa tatu atamwambia bumu halijatoka, wa nne atamwambia yuko kwenye mitihani, wa saba ataondoka usiku na kuacha deni la LUKU. Limemtokea. "Baba, mimi sina shida na watoto," akasema. "Shida yangu ni kwamba wao wanalipwa kwa kubahatisha, na mimi nadaiwa kwa tarehe."

Kwa maneno hayo alilieleza tatizo vizuri kuliko mtaalamu yeyote niliyemsikia.

Sheria haiwasaidii yeye wala mpangaji wake. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, iliyokuwa na mabaraza ya nyumba yenye mamlaka juu ya kiwango cha kodi. Ilifutwa 2005. Tangu hapo kodi ya chumba ni makubaliano kati ya mwenye ufunguo na mwenye shida, na kila baada ya muda viongozi hulikemea jambo la kudai kodi ya miezi sita au mwaka, makofi yanapigwa, na Jumatatu dalali anaendelea na kazi.

Yapo yasiyosemwa kwa sauti. Binti anayekosa fedha ya kodi hupata wa kumsaidia, na msaada huo huwa na usiku wake. Wapo wanaoamua kuishi na mwenza ili kodi igawanyike mara mbili. Vijana wanaiita sogea tukae. Kwenye vikao vya harusi na mimbarini tunawakemea kwa kukosa maadili. Sisemi maadili hayana kazi. Nasema nimekaa na hesabu za mpwa wangu mezani, nikaona jinsi shilingi 3,300 kwa siku za chumba zinavyoziacha 6,700 kwa milo mitatu, nauli, sabuni na bando, na nikaelewa kwa nini binti anaweza kufika mahali akauita mzigo huo mapenzi. Kisha kuna njia. Kutoka maktaba hadi vichochoro vya Msewe saa tatu usiku ni mwendo ambao msichana hapaswi kuutembea peke yake, na wengi huutembea kila siku ya wiki kwa sababu nauli ya bodaboda ni sahani ya wali maharage ya kesho.

Korosho ziliuzwa. Katikati ya Novemba dada yangu alituma fedha, na mpwa wangu pamoja na wenzake wawili, mmoja wao naye akibebwa, wakachukua chumba kimoja cha laki na ishirini kwa mwezi. Miezi sita 720,000, dalali 120,000, jumla 840,000. Kila mmoja 280,000. Niliwasaidia kupandisha magodoro kwenye bajaji. Chumba kina tundu moja la umeme. Wamepanga zamu ya kupika, zamu ya kuchaji, na zamu ya meza, kwa sababu meza ni moja. Mama mwenye nyumba aliweka sharti la wageni kutoka saa mbili usiku, nami nilifurahi moyoni kulisikia.

Nikadhani tumemaliza. Ndipo mpwa wangu alipochukua kalenda ya ukutani, ya duka la pembejeo la Newala, akanionesha kwa kidole. Kodi waliyolipa inaisha katikati ya Mei. Masomo yanaisha Julai. Miezi sita mingine itawapeleka hadi Novemba. Kwa hiyo watalipia Agosti, Septemba na Oktoba, miezi ambayo hawatakuwepo, au waachie chumba Julai wakiwa wamekilipia, halafu Oktoba waanze tena upya: elfu kumi ya kuoneshwa, mwezi wa dalali, kila kitu. Na baada ya mitihani kuna mafunzo kwa vitendo, field kama wenyewe wanavyosema. Mwanafunzi hupangiwa mkoa mwingine wiki kadhaa, akapange chumba huko pia. Binti wa miaka 20 anaweza kuwa mpangaji wa nyumba mbili kwa wakati mmoja, na katika zote hana sufuria ya kutosha.

Muhula na mwezi wa mwenye nyumba havijawahi kukutanishwa na mtu yeyote. Kampala, mitaa ya Kikoni na Wandegeya chini ya kilima cha Makerere imejaa hosteli za watu binafsi, na huko desturi ni kulipa kwa muhula. Si nafuu, na zina malalamiko yake, lakini angalau kodi na masomo huanza na kuisha pamoja.

Kwa hiyo nasema ninayoyaamini. Fedha za chakula zitenganishwe na fedha za malazi, maana zikiwa fungu moja kodi hula kwanza, na tumbo hupewa kilichobaki. Sehemu ya malazi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba au hosteli iliyosajiliwa, kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana. Yule mama wa vyumba vinane aliniambia, nilipomuuliza, kwamba mwezi kwa mwezi angeukubali bila kelele iwapo mlipaji ni Bodi. Teknolojia ipo, tunalipia umeme, faini na leseni kwa namba ya malipo ndani ya dakika moja. Na kila chuo kiwe na ofisi inayojua vyumba vya mitaa inayokizunguka: vimekaguliwa, mlango una komeo la ndani, kuna taa njiani, bei imeandikwa. Anayedahiliwa awamu ya pili apelekewe orodha hiyo pamoja na barua yake, asiachwe mikononi mwa mtu mwenye simu mbili.

Mabweni yajengwe pia, bila shaka. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaofahamika kama HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, unajenga kampasi na majengo mapya mikoani, na kwa baadhi ya vyuo mabweni yamo. Ninachoomba ni kwamba idadi ya vitanda itajwe kila inapotajwa idadi ya nafasi za masomo. Waziri anaposoma bungeni kwamba udahili umeongezeka, aseme na vitanda vimeongezeka vingapi. Tukiizoea sentensi hiyo ya pili, ile ya kwanza itaanza kusemwa kwa uangalifu.

Wiki iliyopita nilikuwa ofisini simu yangu ikalia. "Mjomba, shikamoo. Nimesaini." Bumu lilikuwa limetoka. Nilisikia furaha yake hata kabla hajamaliza neno. Nikamwambia marahaba, hongera, sasa ununue kile kitabu, na ule vizuri. Akanyamaza kidogo. Alikuwa ameshalipunguza: 280,000 amemrudishia mama yake, kwa sababu mnada wa mwisho bei ilishuka na kuna mdogo wake anaripoti kidato cha kwanza. Laki moja ameiweka kando kwa ajili ya Mei. Nilimuuliza kwa nini Mei mapema yote hii, bado miezi mingi. Akasema jana jioni, wakati wanateka maji, mama mwenye nyumba alipita uani akawauliza kama watakuwepo Agosti, maana kuna wengine wameshaanza kuulizia.